Ubongo wa Kamba za Katani

Mwalimu wetu wa baiolojia hakuwahi kulijua jina langu. Alinifundisha miaka minne, akanichapa mara moja, akanilisha nyumbani kwake mara nisizoweza kuzihesabu, na muda wote huo aliniita Kinole kwa sababu huko ndiko nilikotoka. Kijana aliyekaa nyuma yangu aliitwa Kingolwira. Baba yake alikuwa askari magereza kule. Tulikuwa na Mwembesongo Mrefu na Mwembesongo wa Miwani, na msichana mmoja aliyehamia kutoka Mbeya katikati ya mwaka akaitwa Mgeni mpaka tukamaliza kidato cha nne. Siku mkaguzi alipokuja darasani na kumtaka asome mahudhurio, Mwalimu alikohoa, akaligeuza daftari huku na huku, kisha akasema ameisahau miwani nyumbani. Miwani ilikuwa juu ya ushungi wake, na darasa zima tuliinamisha vichwa tusije tukapasuka kwa kicheko.

Na huyo ndiye aliyetufundisha habari za ubongo. Tulimtania sana kwa hilo, maana alikuwa mwalimu unayeweza kumtania ukijua wakati wa kuacha.

"Ubongo si ghala," alitujibu. "Ghala ndilo linalopokea kila gunia. Mimi nikiyaingiza majina yenu yote humu, mambo ya maana nitayalaza wapi?"

Jina lako hakulijua, lakini makosa yako aliyajua moja moja. Miaka mitatu baada ya mtihani angeweza kukusimamisha sokoni, uko na mzazi wako, akakuuliza kama bado unaamini kwamba mimea hupumua usiku tu. Alikumbuka namna ulivyolifikia kosa lile, hatua kwa hatua, na mara nyingi alilipenda. Jibu sahihi halikumshughulisha. Alilipigia alama ya vema akaendelea. Kosa lenye sababu zake, lililonyooka, aliliandika kwenye kijitabu alichokiweka mkobani na kuwasomea walimu wenzake wakati wa chai.

Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa kasi, na mwavuli haukumtoka mkononi kiangazi na masika. Asubuhi za mwezi wa sita, baridi inaposhuka kutoka milimani, alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na mchana akazifunga zote kiunoni. Chaki aliikata vipande vitatu, akaandikia mpaka kucha zikawa zinakwaruza ubao na sisi tukaziba masikio. Ubahili huo uliishia kwenye chaki. Sisi tuliotoka mbali na kupanga vyumba mjini tulijua kwamba Jumamosi nyumbani kwake Mwembesongo kuna wali na maharage, na kwamba utaulizwa swali kabla ya kula. Ukikosea ulikula vilevile, ila ulipakuliwa wa mwisho.

Somo lililompa jina katika shule ile lilikuwa la kamba. Lilifanyika mara moja kwa mwaka, kidato cha tatu, tunapofika kwenye neva. Kamba zenyewe zilikuwa za katani, ameziomba kwenye shamba moja la mkonge nje ya mji, naye alizitunza ndani ya gunia nyuma ya mlango wa maabara. Siku hiyo alitupeleka kwenye kiwanja cha netiboli saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali, akatupanga na kutuambia kwamba kuanzia sasa hakuna mwanafunzi hapa. Sisi sote ni ubongo mmoja, tena mjinga, na tutajifunza kutambua chungwa tamu bila kulionja.

Mstari wa mbele walisimama watu watano. Hao waliliona chungwa na kulishika, lakini kila mmoja alipewa swali moja tu: je, rangi imegeuka? Ganda ni laini? Ni zito? Kikonyo kimekauka? Linanukia? Ambaye jibu lake ni ndiyo alivuta kamba zake. Mstari wa kati walikuwa wanane, wamelipa chungwa kisogo, kila mmoja ameshika kamba zinazotoka kwa watu kadhaa wa mbele, na walipewa sheria moja. Ukivutwa na mmoja, tulia. Ukivutwa na wawili au zaidi, nawe vuta. Mwisho kabisa alisimama mtu mmoja mwenye kengele ya shule, naye alifuata sheria hiyo hiyo. Akiona amevutwa vya kutosha, anagonga. Kengele maana yake tamu.

Mara za kwanza ilikuwa vurugu tupu. Kengele ililia kwa machungwa machachu, ikanyamaza kwa matamu, na Mwembesongo Mrefu aliyekuwa mstari wa kati alivutwa mpaka akaanguka. Mwalimu hakumkaripia mtu. Alilikata chungwa, akalionja, na kama tumekosea alianza kutembea kinyumenyume kutoka kwenye kengele. "Nani alikuvuta? Na wewe, nani alikuvuta?" Kila kamba iliyochangia kosa aliamuru ivutwe kwa kidole kimoja, na mvuto wa kidole ulihesabiwa nusu. Kila kamba iliyosema kweli isisikilizwe aliamuru ivutwe kwa mikono miwili, na huo ulihesabiwa mara mbili. Kisha tunaanza upya na chungwa jingine.

Machungwa machachu aliyanunua sokoni. Matamu nilikuja nayo mimi. Mama yangu aliyachuma shambani kwetu na kuyapanga ndani ya tenga, nikashuka nayo kutoka Kinole siku moja kabla nikaliacha tenga maabara, na kwa hilo nilijiona mtu mkubwa. Watoto wa mjini walijua chungwa bivu ni la manjano. La kwetu mlimani linaweza kuwa kijani kabisa na likakumiminikia asali mdomoni, kwa hiyo nilisubiri kwa hamu kuona ubongo wao ukiaibika. Haukuaibika. Kufikia saa nne tulikuwa hatukosei hata moja. Kengele ililia panapostahili, ikanyamaza panapostahili, na tulishangilia mpaka mkuu wa shule akachungulia dirishani.

Hapo Mwalimu akafungua mkoba, akatoa machungwa matatu aliyopewa na jirani yake. Kengele haikulia hata kwa moja. Akayakata, akatugawia, yalikuwa matamu ajabu. Kisha akatoa chungwa kutoka kwenye tenga langu na kengele ikalia kwa nguvu kuliko mara zote. Akalikata, akalionja, uso wake wote ukakunjamana, na tukajua kwamba lile lilikuwa la sokoni. Alikuwa amelilaza tengani kwangu usiku kucha bila kuniambia.

"Pilipili," alisema huku akipangusa midomo. "Nyinyi mnagonga kengele kwa pilipili manga."

Mama yangu alikuwa ameyapanga machungwa juu ya mfuko wa pilipili manga aliyomtumia shangazi. Kila kilichotoka kwenye tenga lile kilinukia pilipili, na kile cha sokoni hakikunukia kitu. Mwenye swali la harufu alikuwa Kingolwira, na tulipoangalia tuliona kwamba kamba zake zote, moja baada ya nyingine, zilikuwa zimepandishwa hadi mikono miwili. Wengine wanne walikuwa wanavuta kwa vidole.

"Mwalimu, mimi nimeulizwa kama linanukia," Kingolwira alijitetea, karibu kulia. "Lilikuwa linanukia. Nimevuta. Kosa langu liko wapi?"

"Hujakosea."

"Sasa nani amekosea?"

"Nioneshe wewe. Nani hapa alikuwa anajua kwamba mnatafuta pilipili? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Tulitazamana, watu kumi na wanne wenye kamba mikononi. Kila mmoja alikuwa ametii sheria yake, na kwa pamoja tulikuwa tumejifunza kwa bidii jambo ambalo hata mmoja wetu hakulijua. Niliogopa kidogo, sioni haya kusema. Mwalimu alikuwa amefurahi mno. Alichukua kijitabu chake na kuliandika kosa letu akiwa amesimama kwenye jua.

Baadaye, tunakunja kamba, aliuliza nani amechoka. Wa mstari wa kati hawakuwa wamechoka sana, na baadhi walisema walikuwa wamekaa bure muda mwingi. Akawakatalia. Alisema aliyetulia naye amefanya kazi, maana kutovuta kwake ni jibu, na hiyo ndiyo sababu kichwa chake yeye kinakwenda kutwa nzima kwa kikombe cha uji.

Ungedhani mtu wa namna hiyo angeichukia kompyuta. Ndivyo tulivyodhani sisi, maana vikokotoo vya mfukoni alivinyang'anya mlangoni na kuvirudisha saa nane. Lakini shule ilipoletewa kompyuta sita zilizokwisha kutumika kwingine, yeye ndiye mwalimu wa kwanza kukaa mbele ya moja. Alijifunza kuchapa kwa vidole viwili. Siku ya joto aliigusa mashine ubavuni akasema, "Pole, mama," kisha akaipepea kwa daftari. Wenzake walipomcheka aliwauliza kama wao hawasikii joto.

Siku moja fundi alikuja kutengeneza mashine mojawapo. Mwalimu akaliacha darasa letu na zoezi la kuchora figo, akaenda kumsumbua. Mimi na Kingolwira tulimfuata kwa kisingizio cha kubeba meza. Alimtaka fundi afungue kifuniko amwoneshe.

"Hapa inafikiri wapi?"

Fundi akamwonesha.

"Na inakumbuka wapi?"

Akamwonesha sehemu nyingine kabisa.

"Na hapa katikati?"

"Hiyo ni njia tu, mama. Inachukua kitu kule inakileta huku, ikimaliza inakirudisha."

"Kila mara?"

"Kila mara. Ila ni haraka sana, huwezi kuona."

Mwalimu aliiangalia njia ile kwa huruma. "Basi inachoka njiani," alisema. "Mimi nafikiri pale pale ninapokumbuka."

Fundi alitukonyeza. Sisi tukacheka nyuma ya meza, na kwa miaka mingi baadaye mimi na Kingolwira tulikuwa tukiambiana "inachoka njiani" kila tulipomwona mtu anayekwenda na kurudi bila kumaliza shughuli.

Sasa nifike mahali ambapo nisingependa kufika. Nilichaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea uhandisi wa kompyuta, msichana wa kwanza kutoka shule yetu, na nilipokuwa mwaka wa tatu shule ikanialika nizungumze kwenye mahafali. Nilipanda jukwaani na viatu vya kuazima na maneno mengi. Nilikuwa katika ule umri ambao mtu akijua jambo moja anadhani waliomtangulia hawakujua chochote. Nikawaambia wazazi kwamba dunia imebadilika, kwamba ubongo wa binadamu ni kompyuta ya kizamani, ya polepole, yenye kusahau, na kwamba sisi tuliosoma hapa tulifundishwa sayansi kwa kufungwa kamba kiwanjani kama mbuzi.

Watu walicheka sana. Mgeni rasmi alipangusa machozi. Niliyaona meno ya mkuu wa shule. Mwalimu alikuwa safu ya mbele, amevaa gauni la kitenge jipya, mwavuli magotini, naye alitabasamu na kupiga makofi pamoja na wengine. Mimi nikalichukua tabasamu lile kuwa ruhusa, nikaongeza la pilipili. Nililisimulia kama ujinga wake. Sikusema kwamba yeye ndiye aliyetutega.

Nilichofanya nilikuja kukijua baadaye sana kutoka kwa Kingolwira, ambaye siku hizi ni muuguzi na bado yuko Morogoro. Tulikuwa tunaongea kwa simu kuhusu mambo mengine kabisa.

"Unajua hakufundisha tena lile somo," alisema.

"Somo gani?"

"La kamba. Tangu mahafali yako. Mkuu alimwambia shule imeshakuwa kichekesho. Zile kamba walifungia maturubai."

"Lakini alikuwa anacheka yeye mwenyewe!"

"Wewe ulitaka afanye nini? Alie?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa mtoto. Mwalimu alibaki kufundisha miaka miwili mingine, ubaoni, kwa vipande vyake vya chaki, akastaafu.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kazi Dar es Salaam, kwenye karakana ndogo inayoshughulika na vifaa vya kompyuta vinavyoiga ubongo. Tulitaka kifaa kidogo cha kumsaidia mkulima kutambua ugonjwa wa majani, kitakachodumu shambani msimu mzima kwa betri isiyozidi ya tochi. Siku ya kwanza mkuu wa karakana alichora ubaoni. Alieleza kwamba kompyuta za kawaida hutumia nguvu nyingi kuhamisha mambo kati ya mahali pa kukumbuka na mahali pa kufikiri. Katika hizi mpya kumbukumbu imo ndani ya viungo vyenyewe, na kila sehemu imelala mpaka ivutwe vya kutosha. Ikivutwa kidogo, inatulia. Ikikosea, kosa linarudishwa nyuma, kiungo kwa kiungo, na kila kiungo kinalegezwa au kukazwa. Wenzangu waliandika. Mimi nilikiona kiwanja cha netiboli, nikaona kamba. Nilicheka peke yangu, kisha nikatoka nje nikasimama kwenye korido kwa sababu nilitaka kulia na sikutaka kuulizwa.

Kila nilichokuwa nikijifunza pale nilikuwa nimekishika mkononi nikiwa kidato cha tatu. Hata kosa la pilipili lilitukuta. Kifaa chetu cha kwanza kilitambua majani yenye ugonjwa bila kukosea, mpaka tulipogundua kwamba picha zote za majani mabovu zilipigwa asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka. Kilikuwa kimejifunza umande. Wenzangu walichukua wiki mbili kulitafuta kosa lile. Mimi nililipata kwa siku moja, nikasifiwa, na sikumtaja aliyenifundisha mahali pa kutazama.

Mtu mwenye akili timamu angepanda basi Jumamosi hiyo hiyo akaenda kuomba radhi. Mimi nilingoja miaka. Nilipita Morogoro kila nilipokwenda Kinole kumwona mama, na kila mara nilikuwa na sababu: nimechelewa, nimebeba mizigo, sikununua zawadi ya maana. Nilijiambia nitakwenda kifaa kikikamilika, nimwekee mkononi, nimwambie hiki ni chako. Kwa kweli nilikuwa naona aibu. Nilitaka nifike na kitu kikubwa kiasi cha kuficha nilichofanya.

Naye wakati huo alikuwa anaondoka. Watu walichelewa kuligundua jambo hilo, na nadhani nimeeleza sababu. Mwanamke ambaye hajawahi kulijua jina la mtu, akikuita kwa jina la kijiji chako, utajuaje kwamba anasahau? Majirani walicheka kama tulivyocheka sisi. Miwani ikipotea, ni kawaida yake. Mdogo wake, mjane aliyehamia kwake baada ya kufiwa, ndiye aliyeanza kuogopa. Alimkuta mara tatu katika wiki moja akisahihisha fungu moja la mitihani ya zamani kwa kalamu nyekundu, na kila mara akitoa alama tofauti. Halafu siku moja Mwalimu alitoka kwenda sokoni, hatua chache kutoka nyumbani, na wakampata jioni karibu na stesheni ya Kingolwira, ametulia kwenye benchi na mwavuli wake, hakumbuki amefikaje. Kingolwira ndiye aliyenipigia simu.

"Kama una neno la kumwambia," alisema, "mimi nisingengoja."

Nilikwenda mwezi uliopita. Kifaa kilikuwa bado hakijakamilika, nikakichukua hivyo hivyo, kimefungwa kwenye kitambaa. Nyumba yake iko ndani kidogo ya Mwembesongo, nyuma ya maduka ya vitambaa na kelele za mashine za kusaga. Mlango alinifungulia mdogo wake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akanionesha kiti cha uani na kurudi kwenye ungo wake wa mchele.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mkeka, amekonda, sweta mbili mwilini ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kinole! Mbona hukuja Jumamosi?"

Nilisema nilikuwa safarini. Akaniambia safari si sababu, akacheka, na kwa nusu saa alikuwa yeye kabisa. Tulizungumza habari za kamba. Alikumbuka kila kitu: mpangilio, aliyeanguka, Kingolwira alivyokaribia kulia, ladha ya lile chungwa chachu. Nilimfungulia kifaa, nikamwekea kiganjani, nikamweleza kwamba ndani yake hakuna njia ya katikati, kinafikiri pale pale kinapokumbuka. Alikigeuza, akakinusa, akaniuliza kinakula nini. Nikamwambia kinakula kidogo, kidogo kuliko taa ya chumbani. Akatikisa kichwa kwa ridhaa, akanirudishia, akaanza tena kunisimulia habari za kamba kutoka mwanzo, kwa maneno yale yale.

Alipoingia ndani kuchukua leso, mdogo wake alizungumza bila kuinua macho kwenye ungo.

"Wewe ndiye uliyemcheka kwenye mahafali."

"Ndiyo, mama."

"Siku ile alirudi hapa, hakula. Alilala na lile gauni lake jipya. Mimi nilikuwa nimekuja kumtembelea, nikamuuliza nini, akasema wametania tu. Mwaka mzima hakulivaa tena." Alitupa mchanga aliouokota kwenye mchele. "Yeye amesahau. Ukimuuliza mahafali, hajui mahafali gani. Mimi sijasahau."

"Nimekuja kumwomba radhi."

"Radhi ya kitu ambacho hanacho? Utampa kwanza machungu, ndiyo umwombe?"

Katika mashine zetu, kitu kikifutwa tunajua nani amekifuta na saa ngapi. Kichwani mwa Mwalimu kosa langu lilikuwa limetoweka lenyewe, na kamba zilikuwa zimebaki zote. Ningeweza kunyamaza. Ningekunywa chai, ningeaga, angebaki ananipenda. Lakini nilijiona kama mwizi ambaye mwenye mali amesahau alikuwa na nini, na nilishindwa kuondoka nacho.

Mwalimu alirudi, akakaa, akaweka mkono juu ya goti langu.

"Mwalimu," nilisema, "siku ya mahafali nilisimama mbele za watu nikalicheka somo lako la kamba. Nikawafanya wakucheke."

"Nani alicheka?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi, Mwalimu. Kinole."

Alinitazama usoni. Nilimwona akinitafuta na kunikosa. Mkono wake ulitoka gotini kwangu.

"Hapana," alisema. "Kinole hawezi kunicheka."

"Ni kweli, Mwalimu. Nimekuja uniwie radhi."

"Mama, mimi sikujui." Sauti ilikuwa ya darasani, ile iliyokuwa ikinyamazisha safu za nyuma. "Unaingia nyumbani kwangu, unakaa, unamsema mwanafunzi wangu. Yule mtoto ametoka mlimani na tenga kichwani kwa ajili ya somo lile. Wewe humjui. Mimi namjua. Hawezi."

Nilitaka kubishana. Nilikuwa nimebeba lile neno kwa miaka, na sasa mwenyewe alikuwa kama amesimama mlangoni ananizuia nisipite nalo. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

"Niwie radhi, Mwalimu," nilisema. "Nimemsema vibaya."

"Umemsema vibaya sana."

"Ndiyo. Nimekosa."

Alinitazama tena. Ukali ulimtoka pole pole, akanipa ile leso aliyoifuata ndani.

"Haya, nimekusamehe," alisema. "Lakini usirudie."

Mdogo wake alikuwa ameacha kuchambua mchele. Nilisema sitarudia.